KIWANJA NA WAYA: MAFUNZO YA HISTORIA KUHUSU UGAWAJI WA ARDHI NA IDHINI YA UMEME MIJINI

UTANGULIZI

Katika mikutano ya mitaa ya pembezoni mwa miji yetu, suala la umeme huletwa takriban kila mara kama suala la nguzo. Mwananchi huuliza nguzo zitafika lini. Kiongozi hujibu kwamba vifaa havijapatikana, au kwamba eneo hilo bado halijaingizwa katika mpango. Mkutano hufungwa, na mwezi unaofuata swali hilo hilo huulizwa tena. Ni wachache wanaorudi nyuma hatua moja na kuuliza: siku shamba hili lilipokatwa viwanja, nani aliulizwa kuhusu umeme? Mchoro ulipopitishwa, njia ya waya ilipangwa ipite wapi? Na gharama ya njia hiyo iliandikwa katika daftari la nani?

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo ya pili ndiyo yenye uzito. Idhini ya mtandao wa umeme, yaani makubaliano kati ya anayegawa ardhi na anayesambaza umeme kabla mawe ya mipaka hayajawekwa, huonekana kama karatasi ya ofisini tu. Lakini historia ya nchi yetu inathibitisha kwamba karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani atapata mwanga, lini, na kwa fedha za nani. Kwa hiyo mhandisi na mpima peke yao hawatoshi kulijadili jambo hili. Ni suala la uchumi wa kisiasa, na kila kada hana budi kulielewa.

Tutalichambua kwa kufuata vipindi vinne: kipindi cha ukoloni, kipindi cha kutaifisha, kipindi cha mradi wa Viwanja na Huduma, na kipindi cha soko la viwanja tulichomo sasa. Mfano wetu mkuu utakuwa Dar es Salaam, kwa sababu ndiko umeme wa umma ulikoanzia katika Tanganyika, na ndiko mgongano kati ya kiwanja na waya ulikojitokeza kwa ukali zaidi.

UMEME WA WAKOLONI NA RAMANI YA RANGI

Umeme wa kwanza wa umma katika Tanganyika uliwashwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908. Ulihudumia karakana za reli na sehemu ndogo ya mji walimoishi wakoloni wenyewe. Tangu siku hiyo ya kwanza, waya ulikwenda mahali pawili tu: palipokuwa na mtambo wa kusafirishia mali ya nchi, na palipolala wasimamizi wa mtambo huo.

Wakati huo huo ramani ya mji ilikuwa inachorwa kwa rangi ya ngozi. Mpango wa Wajerumani wa mwaka 1914 uliugawa mji katika maeneo matatu, na Waingereza walipotwaa nchi waliurithi mgawanyo huo na kuuimarisha kwa kanuni za ujenzi. Uzunguni palitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu. Uhindini palikuwa mahali pa maduka na nyumba za biashara. Uswahilini, upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja, mtu aliruhusiwa kujenga kwa miti, udongo na makuti. Kariakoo ilipimwa mitaa yake ikanyooka kama mistari ya daftari, lakini aliyeishi humo alipewa haki ya muda mfupi tu juu ya kiwanja chake, akilipa kodi ya ardhi bila hati ya maana.

Tuangalie vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo chimbuko la mengi. Mara nyingi hudhaniwa kwamba wakoloni hawakuwa na mpango wa umeme kwa Mwafrika kwa sababu ya dharau peke yake. Dharau ilikuwapo. Lakini ilifanya kazi kupitia utaratibu wa ardhi. Kampuni ya umeme ilitaka mteja mwenye hati ndefu, nyumba ya kudumu na fedha ya kulipa kila mwezi. Kanuni za viwanja zilihakikisha kwamba Mwafrika hana hati ndefu na hana nyumba ya kudumu. Mshahara wa kibarua ukahakikisha kwamba hana fedha. Basi hapakuhitajika sheria ya kumkataza Mswahili kuwasha taa ya umeme. Kiwanja chake kilikuwa kimekwisha kumkatalia. Koroboi na kandili vikabaki kuwa taa zake.

Mwaka 1931 Serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikiendesha umeme kwa idara yake tangu 1920, iliikabidhi kazi hiyo kwa kampuni za watu binafsi. Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma ilikwenda kwa DARESCO. Upande wa kaskazini ulikwenda kwa TANESCO, ambayo ilitumia maporomoko ya mto Pangani kuhudumia mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Tangu hapo anayegawa ardhi alikuwa Serikali, na anayegawa umeme alikuwa mfanyabiashara. Meza zikawa mbili.

Lakini ieleweke kwamba kwa tabaka lililotawala meza hizo mbili zilikaa chumba kimoja. Oyster Bay ilipopimwa kwa ajili ya Wazungu, barabara, maji na umeme vilikuwa sehemu ya mpango wa eneo hilo. Idhini haikuwa tatizo, kwa sababu mwenye kiwanja, mkuu wa idara na mkurugenzi wa kampuni walikuwa watu wa daraja moja. Mpango Mkuu wa mji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Alexander Gibb, uliacha kutaja rangi waziwazi na badala yake ukapanga makazi kwa kiwango cha msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Rangi ilivua joho lake ikavaa la msongamano. Wazungu walikaa kwenye msongamano mdogo wenye huduma zote. Waafrika walikaa kwenye msongamano mkubwa wenye huduma haba. Msamiati huo wa msongamano bado tunautumia katika michoro yetu, na inatupasa tukumbuke ulikotoka.

ARDHI YA TAIFA, WAYA WA TAIFA, MEZA MBILI

Uhuru ulileta mapinduzi makubwa katika pande zote mbili. Upande wa ardhi, sheria ya mwaka 1963 ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele na kuugeuza kuwa ukodishaji kutoka kwa Serikali. Mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi ya umma. Upande wa umeme, Serikali ilinunua hisa za DARESCO mwaka 1964, jina la TANESCO likawa la shirika zima mwaka 1968, na kufikia mwaka 1975 hisa zote zilikuwa mikononi mwa umma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi zilikuwa zimetangazwa kuwa mali ya wafanyakazi na wakulima. Ardhi na umeme vyote viwili vilikuwa miongoni mwake.

Uwezo wa kuzalisha umeme nao ulikua kwa haraka. Mtambo wa Hale wenye megawati 21 ulianza mwaka 1964. Nyumba ya Mungu ukafuata mwaka 1968 na megawati 8. Mwaka 1975 Kidatu ilikamilisha awamu yake ya kwanza ya megawati 100, na mwaka 1980 ikafikia megawati 204, na njia ya msongo wa kilovolti 220 ikauleta umeme huo Ubungo kupitia Morogoro. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, ilikuwapo nishati ya kutosha kufikiria mji mzima.

Je, mbona mji mzima haukuwaka?

Jibu la haraka ni umaskini, na lina ukweli wake. Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Tulitaifisha ardhi na tulitaifisha waya, ila hatukuziunganisha meza mbili za kuchorea. Mpima wa ardhi aliendelea kuchora viwanja chini ya wizara moja, na mhandisi wa umeme aliendelea kuchora njia zake chini ya wizara nyingine. Wote wawili walikuwa watumishi wa umma mmoja, wakilipwa na hazina moja, na mara nyingi walikutana kwa mara ya kwanza pale mwananchi alipokwenda kuomba umeme na kuambiwa kwamba mbele ya nyumba yake hapana nafasi ya kusimika nguzo.

Hali ilizidishwa ugumu na mabadiliko ya utawala. Utaratibu wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulifuta halmashauri, zikiwamo za miji. Nia ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi wa vijijini, lakini miji ikabaki bila chombo chake chenyewe cha kusimamia huduma. Halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978. Katika miaka hiyo ambayo mji haukuwa na mwenyewe, watu hawakuacha kuja. Eneo la Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 356,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu wapatao 843,000. Mpima mmoja hawezi kushindana na mkoa unaozidi mara mbili katika miaka kumi na moja. Watu walijigawia wenyewe viwanja kwa kuuziana mashamba ya minazi na mikorosho, na waya ulifuata nyumba kama kamba inayotafuta mbuzi waliotawanyika.

VIWANJA NA HUDUMA: SOMO LA SINZA

Katika miaka ya kwanza baada ya Uhuru, sera ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962. Ilidhihirika upesi kwamba kasi ya kubomoa ilikuwa inapunguza nyumba za maskini badala ya kuziongeza. Mwaka 1972 Serikali iligeuza mwelekeo: ijenge njia, maji na mitaro, na mwananchi ajenge nyumba yake mwenyewe, na makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango yaboreshwe palepale yalipo. Ndipo ukazaliwa mradi wa Viwanja na Huduma, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, awamu yake ya kwanza ikianza mwaka 1974. Dar es Salaam ilipata viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikawa eneo la kuboreshwa.

Katika mradi huu barabara, maji, mitaro ya mvua, shule na zahanati viliingia kwenye bajeti ya ugawaji. Waya wa kuingia nyumbani uliachwa kuwa jambo la mwenye kiwanja na shirika la umeme. Hata hivyo mradi ulifanya jambo moja ambalo thamani yake ilionekana baadaye: ulichora mitaa iliyonyooka na ukaacha hifadhi ya barabara. Shirika lilipofika na nguzo lilikuta mahali pa kuzisimika. Hakuna aliyevunjiwa ukuta, hakuna aliyelipwa fidia, hakuna kesi iliyofunguliwa.

Linganisha na eneo ambalo halikuchorwa kwanza. Huko nguzo husimama katikati ya uchochoro. Waya wa nyumba ya nne hupita juu ya mapaa ya nyumba tatu. Transfoma huwekwa mahali ambapo lori liliweza kufika, ambapo mara nyingi ni ukingoni mwa makazi badala ya katikati yake. Matokeo yake kila mkaaji anayajua: nyumba zilizo karibu na transfoma zina mwanga, na zilizo mwisho wa laini zinapata umeme dhaifu ikifika saa moja ya jioni. Waya ni kama bomba la maji; kadiri unavyolirefusha na kulitoboa njiani, ndivyo anayekaa mwisho anavyopata matone.

Somo la Sinza basi ni hili: kutenga njia na kujenga njia ni mambo mawili mbalimbali. Kujenga kunahitaji nguzo, nyaya, transfoma na fedha nyingi. Kutenga kunahitaji kalamu, vipimo na makubaliano. Nchi maskini inaweza kushindwa kujenga leo, lakini haina udhuru wa kushindwa kutenga. Njia isiyotengwa leo kwa mstari wa kalamu itanunuliwa kesho kwa fidia, kwa bomoabomoa na kwa alama nyekundu za X kwenye kuta za watu waliojenga wakiamini kwamba wako salama.

Mradi ulikuwa pia na kasoro ambazo hatuna haki ya kuzificha. Viwanja vingi vilivyokusudiwa kwa wenye kipato kidogo viliishia kwa wenye uwezo, kwa sababu mwenye mshahara mdogo hakuweza kujenga kwa muda uliowekwa akauza haki yake. Ada za huduma hazikukusanywa vya kutosha, hivyo fedha iliyotumika Sinza haikurudi ili kupima Sinza nyingine. Utaratibu mzuri wa kuchora haukutosha peke yake pale ambapo utaratibu wa kugharimia ulikuwa dhaifu.

DODOMA: MEZA MOJA ISIYO YA WANANCHI

Wapo watakaosema kwamba dawa ya meza mbili ni kuunda chombo kimoja chenye madaraka yote. Jaribio hilo limekwisha kufanywa. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wananchi waliijua kwa jina la CDA. Chombo hiki kilishika mipango, upimaji, ugawaji wa viwanja na ujenzi wa miundombinu kwa pamoja. Kwa upande wa uchoraji kilikuwa na faida dhahiri: aliyechora kiwanja ndiye aliyechora barabara, na nafasi ya huduma ilijulikana mapema.

Lakini ardhi yote ilishikwa na Mamlaka kwa hati ya miaka 99, na mwananchi alipangishwa kwa miaka 33. Migogoro ya viwanja na bomoabomoa ikawa nyimbo za kila siku, na mwaka 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Fundisho lake halina budi lipimwe kwa uangalifu. Kuunganisha ofisi ni jambo jema, ila kuunganisha ofisi bila kumpa mwananchi sauti na haki ya kudumu kunazaa urasimu ulio mkubwa zaidi kuliko ule wa ofisi mbili. Idhini inayotafutwa ni ya pande tatu: mgawaji wa ardhi, msambazaji wa umeme, na watu watakaoishi pale.

SOKO LA VIWANJA NA SWALI LA NGUZO YA KWANZA

Tukifika karne hii, tunakuta sura mpya. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitambua kwamba ardhi ina thamani ya soko, na zikaweka utaratibu wa haki za njia. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 zikakamilisha mfumo. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, katika maeneo kama Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Bunju, Mbweni na Mwanagati. Idadi ya viwanja vilivyopimwa ilizidi kwa mbali ile iliyokusudiwa, na kwa upimaji huo ulikuwa ushindi. Lakini maji na umeme vilibaki nyuma ya mawe ya mipaka. Baadhi ya wenye hati waliacha viwanja vikawa vichaka wakingoja huduma. Wengine walijenga na kuishi kwa taa ya mafuta na jenereta katika eneo lililopimwa kitaalamu.

Hapa ndipo swali la nguzo ya kwanza linapojitokeza wazi. Mwaka 2013 zilipotangazwa bei mpya za kuunganishiwa umeme wa njia moja, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 asiyehitaji nguzo alitakiwa kulipa shilingi 320,960. Aliyehitaji nguzo moja alilipa shilingi 515,618, na aliyehitaji nguzo mbili shilingi 696,670, yaani zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza. Nyumba zinaweza kuwa sawa, mita ni ile ile, na taa ni zile zile. Tofauti yote iko katika mahali kiwanja kilipo katika mchoro, na nani alitangulia kujenga.

Chukua mfano wa mtaa wenye viwanja 40. Anayejenga kwanza mwishoni mwa mtaa anabeba mzigo wa nguzo. Jirani anayefuata anaunganishwa kwenye nguzo iliyokwisha kusimama, na analipa nafuu. Mwenye busara ya kibepari basi hungoja: acha mwenzangu atangulie, mimi nitaunga. Kila mmoja akingoja, hakuna anayeanza. Na anayelazimika kuanza kwa kawaida ni yule asiyeweza kungoja, aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, mjane aliyejenga chumba kimoja, mfanyakazi aliyestaafu. Kwa njia hiyo gharama ya kitu cha wote humwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Huu ni unyonyaji usio na mnyonyaji anayeonekana kwa macho; umefichwa ndani ya utaratibu.

Na mgawaji wa shamba yuko wapi? Katika miaka hii kampuni na watu binafsi wananunua mashamba Kigamboni, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo, wanayapima na kuyauza kwa vipande. Tangazo husema umeme uko jirani. Neno "jirani" halina mita. Bei ya kiwanja hupandishwa kwa matumaini ya waya, faida ya matumaini hayo huenda kwa muuzaji, na gharama ya kuyatimiza huachiwa mnunuzi na shirika la umma. Mgawaji akishauza kipande cha mwisho anaondoka. Anayebaki kujibu maswali ni mwenyekiti wa mtaa.

Upande wa vijijini Taifa lilichukua njia nyingine. Kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na Wakala wake ulioanza kazi mwaka 2007, gharama ya kufikisha njia ilibebwa na mfuko wa wote, na mwananchi wa kijijini akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Wakati Wakala unaanza, takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini alikuwa na umeme. Tangu hapo nyaya zimefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Ingawa kufika kijijini hakujawa kufika kila kitongoji na kila nyumba, kanuni imethibitishwa: njia ya pamoja ikigharimiwa kwa pamoja, nguzo ya kwanza haimvunji mtu mgongo. Pembezoni mwa mji ndipo pamebaki katikati. Mara panahesabiwa kijiji, mara mji, na mwaka 2022 bei za mijini ziliporudishwa kwenye shilingi 320,960 wakati za vijijini zikibaki 27,000, mpaka huo wa kwenye ramani ukawa suala la fedha mfukoni mwa mwananchi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Zipo hoja mbili zinazotolewa dhidi ya kuweka idhini ya umeme mbele ya upimaji, na inafaa zijibiwe kwa haki.

Hoja ya kwanza inasema kwamba sharti hilo litachelewesha viwanja, na viwanja vikichelewa watu watajenga holela. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia zaidi ya watu milioni 5.3, wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Lakini inachanganya kutenga na kujenga, kosa tulilolieleza katika somo la Sinza. Idhini haisemi umeme uwe umewaka kabla ya hati kutolewa. Inasema njia ijulikane, mahali pa transfoma pajulikane, na mlipaji ajulikane. Kazi hiyo ni ya siku chache ofisini, iwapo ofisi mbili zitatazama mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Kinachochelewesha ni barua inayolala katika trei, na dawa ya urasimu ni nidhamu, wala si kufuta kazi yenyewe.

Hoja ya pili inasema kwamba mgawaji akitakiwa kuchangia mtandao, atapandisha bei na maskini ataumia. Ukweli ni kwamba maskini analipa tayari, tena analipa zaidi, kwa kuwa analipa mmoja mmoja. Gharama ikigawanywa kwa viwanja 40 tangu mwanzo, kila mmoja anajua fungu lake na anaweza kulilipa pamoja na kiwanja. Ikiachwa baadaye, wa kwanza anaumia na wa mwisho anapanda bure.

MAFUNZO

Kutokana na uchambuzi huu tunapata mafunzo manne.

Kwanza, kiwanja bila njia ya huduma ni nusu ya kiwanja. Jiwe la mpaka linamwambia mtu ardhi yake inaishia wapi. Halimwambii ataishi vipi. Mchoro wa mipango miji unaopitishwa bila mkuza wa umeme, bila nafasi ya transfoma na bila upana wa barabara wa kutosha, umepitishwa haujakamilika.

Pili, mzigo hauna budi kukadiriwa kabla. Viwanja 200 ambavyo kila nyumba itatumia kilowati mbili jioni vinahitaji kilowati 400 kwa wakati mmoja. Transfoma ya kilovolti-ampia 100 haiwezi kuubeba mzigo huo hata ikiombewa dua. Inabidi ijulikane pia kama njia ya kilovolti 11 au 33 iliyo karibu ina nafasi ya kuongezewa. Kariakoo inatufundisha zaidi: viwanja vilivyopimwa kwa nyumba za chini sasa vimebeba maghorofa, na kila ghorofa lina mahitaji ya mtaa mzima wa zamani. Mabadiliko ya matumizi ya kiwanja ni ugawaji mpya, nayo yanahitaji idhini mpya.

Tatu, anayepata faida ya kugawa achangie gharama ya kugawa. Ikiwa ni halmashauri, iweke fungu hilo katika bei ya kiwanja na kulilinda lisitumike kwa mengine. Kasoro ya kutokusanya ada katika mradi wa Viwanja na Huduma isirudiwe. Ikiwa ni kampuni, isimalize kuuza kabla haijatimiza sehemu yake.

Nne, wananchi washiriki. Mchoro usiwe siri ya ofisi. Ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa, usomwe mkutanoni, na watu waonyeshwe waya utakapopita kabla hawajachimba msingi.

HITIMISHO

Tangu taa za kwanza za mwaka 1908 hadi bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, Taifa limepiga hatua ndefu katika kuzalisha umeme. Kwa hiyo udhuru wa zamani wa upungufu wa nishati unazidi kupungua nguvu. Bwawa kubwa linaweza kujengwa na wahandisi mto mmoja kwa wakati mmoja. Kuufikisha umeme huo chumbani mwa mfanyakazi kunaamuliwa mahali padogo zaidi: juu ya meza anapochorewa kiwanja chake.

Kwa sababu hiyo, kada anayeletewa taarifa kwamba shamba fulani katika eneo lake linakatwa viwanja asingoje malalamiko ya nguzo. Aombe mchoro, aulize maswali manne: njia ya umeme inapita wapi, transfoma itakaa wapi, mzigo umekadiriwaje, na nani analipa, kwa fungu gani. Majibu yakiwapo kwa maandishi, na yametiwa saini na pande zote, kazi iendelee. Yasipokuwapo, asimamishe kikao hadi yapatikane. Siku moja ya kusimamisha kikao ni nafuu kuliko miaka ishirini ya watoto kusomea kwenye koroboi chini ya njia kubwa ya umeme inayopita juu ya paa lao kwenda kuwasha mtaa mwingine.